Kusoma uhandisi Ujerumani: mwongozo kamili, kuanzia transkripti ya nyumbani hadi mtihani wa kwanza

Kila Januari simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, shikamoo. Eti Ujerumani chuo ni bure?" Naitikia marahaba, kisha namjibu: ada karibu haipo, ila kuna milioni zaidi ya thelathini za shilingi utakazotakiwa kuonyesha kabla hujagongewa viza, na kuna bahasha ya karatasi itakayokuchukua mwaka mzima kuijaza. Wengi hawaandiki tena. Wanaoandika tena ndio ninaowaandikia mwongozo huu.

Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi nikitokea Dar es Salaam, na nilikataliwa mara ya kwanza. Sikukataliwa kwa alama, nilikataliwa kwa karatasi. Vyuo hivi havihangaiki sana na wewe ni nani wala baba yako anafanya kazi wapi. Vinauliza umesoma nini hasa, kwa saa ngapi, na ushahidi uko wapi. Ukilishika hilo mapema, hatua zote zinazofuata zinaeleweka.

Anza miezi 15 hadi 18 kabla ya muhula unaoutaka. Muhula wa baridi huanza Oktoba, wa kiangazi Aprili. Anayetaka Oktoba ya mwakani na bado hajaenda kuomba transkripti, aende wiki hii.

Hatua ya 1: Chagua kozi kwanza, chuo baadaye

Kuna kundi la vyuo vikuu tisa vya teknolojia linaloitwa TU9: Aachen, Berlin, Braunschweig, Darmstadt, Dresden, Hannover, Karlsruhe, München na Stuttgart. Ni vyuo vya zamani vyenye historia yake. Darmstadt kilianzisha kiti cha uprofesa wa uhandisi wa umeme mwaka 1882, na Karlsruhe ndiko Heinrich Hertz alikothibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Lakini jina la chuo halitakufanyia mtihani. Fungua ukurasa wa kozi, tafuta orodha ya masomo muhula kwa muhula, halafu jiulize kama hayo ndiyo unayotaka kuyalalia na kuyaamkia kwa miaka miwili.

Nje ya TU9 zipo Hochschule, yaani vyuo vya sayansi tumizi. Nyumbani watu huvidharau kwa kuwa havina neno "chuo kikuu" kwenye jina. Ni kosa. Madarasa yake ni madogo, walimu wengi wametoka viwandani, na mtu anayetaka kufunga mitambo badala ya kuandika makala za kitaaluma atafaidi zaidi huko.

Kuhusu ada, usiichukulie nchi nzima kwa jumla. Aachen, Berlin, Darmstadt, Braunschweig na Hannover hulipi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza wala kwa kozi za kawaida za uzamili. Jimbo la Baden-Württemberg, waliko Karlsruhe na Stuttgart, linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. TU München ilianza kutoza wageni wapya kuanzia muhula wa baridi wa 2024/25, na kwa uzamili ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kila mahali kuna mchango wa muhula, kwa kawaida kati ya euro 100 na 350, ambao mara nyingi ndani yake mna tiketi ya basi na treni. Mchango huo usiulalamikie.

Mwenye cheti cha kidato cha sita tu, njia yako ni tofauti kidogo. Ingia kwenye hifadhidata ya serikali yao inayoitwa Anabin, tafuta nchi yako na cheti chako. Inawezekana ukaambiwa uingie moja kwa moja, au upitie Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi unaoishia kwa mtihani. Wa uhandisi huchukua mkondo wa T. Na jua kwamba shahada ya kwanza ya uhandisi katika vyuo vya umma karibu yote hufundishwa kwa Kijerumani. Kozi za Kiingereza ziko kwa wingi kwenye uzamili, na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, lina orodha yake mtandaoni unayoweza kuichuja kwa fani na lugha.

Hatua ya 2: Geuza alama zako kabla hawajakugeuzia

Ujerumani alama 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya kupita, 5.0 umeanguka. Ubadilishaji hufanywa kwa kanuni ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya kupita, zidisha kwa 3, jumlisha 1.

Mfano wa Tanzania. GPA yako ni 3.8, ya juu ni 5.0, ya kupita ni 2.0. Tano toa 3.8 ni 1.2. Gawanya kwa 3 ni 0.4. Zidisha kwa 3 ni 1.2. Jumlisha 1 unapata 2.2. Kozi nyingi zenye ushindani zinataka 2.5 au chini yake, kwa hiyo uko salama.

Sasa mfano wa Kenya, na hapa ndipo watu huumia. Wastani wako ni asilimia 64, daraja la pili la juu, umeshangiliwa na ukoo mzima. Wakichukua 100 kuwa alama ya juu na 40 ya kupita, hesabu inakupa 2.8. Hakuna aliyewahi kupata 100 katika darasa lenu, lakini kanuni haijui hilo. Ndiyo maana usiache kuambatisha ukurasa wa transkripti unaoeleza mfumo wa madaraja, ule unaoonyesha kwamba kuanzia 70 ni A. Na kozi ikiruhusu barua ya mhadhiri, mwombe aseme ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko aya tatu za "ni kijana mwenye bidii na nidhamu".

Hatua ya 3: Maelezo ya kozi, karatasi inayosahauliwa

Hii ndiyo iliyoniangusha. Transkripti yangu ilikuwa na somo limeandikwa "Hisabati II", basi. Mkaguzi alitaka kujua kama ndani yake kulikuwa na milinganyo ya tofauti na aljebra ya mstari, na mimi sikuwa nimempa chochote cha kumwonyesha. Akaandika kwamba msingi wa hisabati haujathibitishwa. Barua ya kukataliwa ilikuwa na mistari sita.

Nenda idarani kwako uombe maelezo ya kozi zote ulizosoma: mada, idadi ya saa za mihadhara na maabara, vitabu vilivyotumika, namna ya kutahini. Kama idara inayo kwenye kijitabu cha mtaala, toa nakala za kurasa zako, zigongwe muhuri, kila ukurasa. Kama haina, andika mwenyewe rasimu kutokana na madaftari yako, upeleke kwa mkuu wa idara aipitie na kusaini. Utapigwa danadana. Katibu atasema rudi Jumatatu, Jumatatu bosi yuko kwenye kikao. Ndiyo maana ya ile miezi 15.

Kisha tengeneza jedwali la ukurasa mmoja au miwili. Safu ya kushoto, masharti yao: hisabati ECTS kadhaa, umekanika kadhaa, umeme kadhaa. Safu ya kulia, masomo yako yanayolingana na uzito wake. ECTS ni kipimo chao cha mzigo wa masomo, na mwaka mmoja kamili ni 60. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka kamili huwa na krediti 120, hivyo kwa makadirio somo lako la krediti 12 ni kama ECTS 6. Usidanganye kwenye jedwali hili. Lakini usijinyime pia: somo la mitetemo ya mashine ni la umekanika hata kama jina lake halisemi.

Hatua ya 4: Lugha, hata kama kozi ni ya Kiingereza

Kwa kozi ya Kiingereza wengi wanataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL. Kuna wanaokubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, lakini usiitegemee kabla hujasoma masharti. Kwa kozi ya Kijerumani vyeti vinavyofahamika ni DSH ngazi ya 2 au TestDaF yenye 4 katika sehemu zote nne.

Ushauri wangu kwa wa Kiingereza: jiandikishe Goethe-Institut, Dar es Salaam au Nairobi, umalize angalau A2, ngazi ya pili ya Kijerumani kutoka chini, kabla ya kupanda ndege. Darasani utaelewa kila kitu. Ni barua ya mwenye nyumba, ya bima, na ya ofisi ya wageni ndizo zitakazokuja kwa Kijerumani kirefu, kile chenye neno moja la herufi thelathini.

Hatua ya 5: Maombi na tarehe

Baadhi ya vyuo, kama TU Berlin na TU Dresden, huwapitisha waombaji wa nje uni-assist, ofisi ya pamoja inayokagua vyeti. Malipo ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila la ziada. Aachen wanapokea kwenye tovuti yao wenyewe. München wana tovuti yao lakini wanataka pia hati ya uhakiki kutoka uni-assist, nayo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo iombe mwanzo kabisa.

Tarehe 15 Julai utaisikia sana kama mwisho wa maombi ya muhula wa baridi. Wengi wamekosa chuo kwa sababu yake. Kozi za uzamili kwa watu wanaohitaji viza hufunga mapema zaidi. Aachen wamekuwa wakifunga tarehe 1 Machi. Andika tarehe ya kila kozi kwenye karatasi, ibandike ukutani, na ujiwekee yako wiki tatu kabla. Umeme ukikatika au intaneti ikigoma siku ya mwisho, tovuti yao haitakuonea huruma.

Barua ya motisha: ukurasa mmoja. Usianze na ndoto za utotoni. Sema ulifanya mradi gani wa mwisho, ulipima nini, ulikwama wapi, na somo gani katika mtaala wao litakukwamua.

Hatua ya 6: Fedha

Ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaweza kuishi mwaka mzima. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti iliyofungwa: unaweka fedha yote, kisha wanakuachia kiasi kile kile kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, sawa na 11,904 kwa mwaka. Fedha ni yako, haipotei, lakini lazima iwepo.

Jambo dogo linalowatesa watu: ukituma fedha kutoka benki ya nyumbani, benki za katikati hukata makato yao njiani. Ukituma 11,904 kamili inaweza kufika ikiwa pungufu kwa euro ishirini na tano, na cheti hawakitoi mpaka ijae. Rafiki yangu alisubiri wiki mbili kwa ajili ya euro kumi na nane. Ongeza euro 50 hadi 100 juu, na mwambie afisa wa benki kwamba makato yote uyalipe wewe mtumaji.

Familia nyingi hazina fedha hiyo, na sitajifanya kana kwamba ni jambo la kuchanga kwenye kikao kimoja. Njia nyingine ni mwenyeji anayeishi Ujerumani akuandikie dhamana rasmi, au ufadhili. DAAD, ambao wana ofisi Nairobi, hufadhili kozi za uzamili zinazohusiana na maendeleo kwa mpango wa EPOS. Sharti lake kuu ni angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Kwa hiyo mhitimu wa mwaka jana asikimbilie huko. Atafute kazi kwanza, aweke barua zake za ajira vizuri.

Hatua ya 7: Viza

Usiombe viza ya utalii ukitarajia kuibadilisha ukifika. Omba viza ya kitaifa ya masomo, euro 75. Utahitaji barua ya kukubaliwa, uthibitisho wa fedha, bima, vyeti, wasifu na barua ya motisha. Tangu Januari 2025 fomu na nyaraka zinaweza kupakiwa kwenye tovuti ya konsula, lakini alama za vidole utakwenda kuzitoa mwenyewe: kwa Dar es Salaam ni Umoja House. Majibu huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Tangu Julai 2025 ule utaratibu wa kuandika barua ya kuomba ubalozi uangalie tena ombi lililokataliwa umefutwa, hivyo ukikosea unaanza upya au unakwenda mahakamani Berlin. Kagua kila karatasi mara mbili.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Chumba kitafute ukiwa bado nyumbani. Hosteli za wanafunzi zinaendeshwa na Studierendenwerk, nazo zina foleni ya miezi. Jiandikishe siku ile ile unayopata barua ya chuo. Nje ya hapo kuna WG, nyumba ya kuchangia jiko na bafu. Jihadhari na mtu anayesema yuko nje ya nchi, tuma kodi, funguo zitakuja kwa posta. Hazitakuja. Pia ujue kodi baridi ni ya chumba pekee. Kodi ya joto ina maji na joto ndani yake, na ndiyo unayopaswa kuihesabu.

Ukifika mambo yanafuatana kama shanga. Mwenye nyumba anakupa karatasi ya kuthibitisha makazi. Kwa karatasi hiyo unajiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili, wanaita Anmeldung. Kwa Anmeldung unafungua akaunti ya benki, na kwa akaunti ya benki Sperrkonto inaanza kukuachia fedha. Ndiyo maana uje na euro 1,000 hadi 1,500 za kutumia, kwani mwezi wa kwanza utalipa kodi na amana ilhali fedha yako iko kifungoni.

Na kabla hujalala usiku wa kwanza, chukua kipande cha karatasi, andika jina lako la ukoo, libandike kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele ya mlango. Nchi hii inaendeshwa kwa barua. Postamani asipoona jina hashughuliki kukuuliza, anarudisha. Barua ya namba yangu ya mlipakodi ilirudishwa mara mbili nikiwa naishi humo humo, namwona postamani kila asubuhi dirishani.

Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 ni karibu euro 150 kwa mwezi, na bila hiyo chuo hakikusajili. Baadaye itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Utasema huna televisheni. Haijalishi. Ni ya kila nyumba, kwa hiyo gawaneni na mnaoishi nao.

Hatua ya 9: Darasani, na hasa kwenye mtihani

Sisi tumelelewa na test one, test two, assignment, na mtihani wa mwisho wenye asilimia 60. Hata ukivurunda mwisho, ulikuwa na akiba. Hapa masomo mengi hayana akiba. Hakuna anayeita majina, hakuna anayekuuliza kama umefanya mazoezi, mihadhara inaisha wanafunzi wanagonga meza kwa vifundo badala ya kupiga makofi, na unatoka ukiwa na furaha. Kisha Februari unakuja mtihani mmoja wa asilimia 100.

Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa wa dakika 90. Ukumbi wa watu mia nne, tumekaa kwa kuruka viti viwili, kitambulisho mezani, na karatasi moja ya A4 niliyoruhusiwa kuijaza kwa mkono. Nilikuwa nimeijaza nadharia. Karatasi ya kijana wa jirani ilikuwa na mifano mitatu iliyokwisha kukokotolewa na fomula kumi. Alama zilikuwa 90 kwa dakika 90, yaani alama moja kwa dakika, na mimi nilikaa dakika 35 kwenye swali la kwanza lenye alama 20 kwa sababu nilizoea kuonyesha kila hatua. Nilipata 5.0.

Kilichoniokoa ni haki ambayo wageni wengi hawaitumii: Klausureinsicht, siku ya kuona karatasi yako iliyosahihishwa. Nilikwenda nikiwa na aibu. Nikakuta ukurasa wa nyuma wa swali la tatu haukusahihishwa. Nikamwonyesha msaidizi, akasoma, akahesabu upya, 5.0 ikawa 4.0. Nenda kila mara, hata ukiwa umefaulu.

Mengine ya kufanya: jisajili kwa kila mtihani kwenye tovuti kabla ya tarehe ya mwisho, la sivyo hata ukiingia ukumbini hautasahihishwa. Nenda kwa Fachschaft, umoja wa wanafunzi wa idara, uchukue mitihani ya miaka iliyopita, ufanye kwa saa mezani. Hudhuria Übung, vipindi vya mazoezi, kuliko hata mhadhara wenyewe. Muhula wa kwanza chukua ECTS 20 badala ya 30. Na fahamu kwamba katika vyuo vingi mtihani mmoja una nafasi tatu. Ukianguka ya tatu kwenye somo la lazima unaondolewa, na fani hiyo hiyo huwezi kuisoma kwenye chuo kingine cha Ujerumani. Ukiona ya pili imekushinda, usijifungie chumbani. Nenda kwa mshauri wa masomo kabla ya ya tatu.

Hatua ya 10: Kazi, na kurudi

Tangu Machi 2024 unaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Kazi ya HiWi, usaidizi ndani ya idara, haihesabiwi kwenye siku hizo. Malipo yake ni ya kawaida, lakini profesa akikufahamu kwa jina, tasnifu utaipata bila kuhangaika. Mwezi wa kwanza usibebe mizigo ghalani usiku. Niliwaona walioanza hivyo. Februari waliingia ukumbini wakiwa wamelala.

Ukimaliza unaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yako. Ukiamua kurudi Tanzania, TCU watataka kuitambua shahada yako, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi itataka transkripti. Kabla hujajiondoa chuoni omba nakala mbili za cheti na transkripti zenye muhuri, kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, pamoja na maelezo ya kozi zote ulizosoma. Ndiyo, yale yale. Safari hii wao wanayo tayari kwenye kijitabu, unayachukua siku hiyo hiyo.